KISU CHA MENO MATATU

"Dada, naapa kwa kaburi la baba... sikukigusa hicho kisu!"

Mdogo wangu Leopold alikuwa amepiga magoti kwenye tope, mbele ya ukoo mzima.

Na mimi, Veneranda, dada yake wa tumbo moja, nikamtemea mate miguuni.

"Nenda! Na usinirudie tena kwenye mlima huu!"

Akaenda kweli.

Jamani, mnanijua humu kwa utani. Nimewacheka waume zenu, nimewacheka wake zenu, na mimi mwenyewe nimejicheka mpaka mbavu zimeomba likizo. Leo nina kisa cha mashine ya kufyekea. Ndiyo, ya kukatia majani! Cheka kwanza umalize, halafu usome.

Mwaka 2001.

Nilipanda kutoka Liuli, kule ziwani, kurudi kwetu milimani Mbinga. Nilikuwa na watoto wawili, ndoo mbili za usipa mkavu, vile visamaki vya ziwani, na ndoa moja iliyovunjika. Mume wangu Kilian alikuwa ameamua kwamba nyumba yake ina nafasi ya mwanamke mwingine, ila haina nafasi ya wawili.

Majirani wakaniuliza, "Umetuletea nini kutoka ziwani?"

Nikawajibu, "Usipa na aibu. Chagueni."

Wakachagua usipa.

Baba alikuwa ameshafariki. Aliacha shamba la kahawa kwenye mteremko, juu kidogo ya kijito. Chama cha ushirika kilipokufa, wanunuzi binafsi walikuja na mizani zao, bei ikapanda tukanunua redio. Halafu bei ikaanguka, tukauza redio. Baba akaitupa ile kahawa, hakuipalilia tena. Miiba ikaingia.

Nayo ni ile ya matunda meusi. Shina nene kama kidole gumba, linapinda kama upinde, na ncha ikigusa udongo inaota mizizi, inaanza safari nyingine. Miaka mitano bila jembe! Hata mbuzi walikuwa wanazunguka.

Msimamizi wa ukoo alikuwa baba mdogo, Mansuetus. Nikaenda kuomba.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Wewe umeolewa."

"Nimerudishwa, baba."

"Kurudishwa si cheo."

Wazee wakacheka. Na mimi nikacheka, maana kama usingenihusu mimi, utani ule ulikuwa mzuri.

Kisha akasema, "Sikiliza. Lile ni pori sasa. Nakupa mpaka Pasaka. Lisafishe, chimba ngoro, panda maharage. Ukiweza ni lako, nitasema mbele ya mwenyekiti wa kijiji. Ukishindwa, linarudi kwangu, na wewe usilitaje tena."

Kwa msiotoka kwetu, naomba mshike hapa. Milima yetu imesimama kama ukuta. Ukilima kama watu wa bondeni, mvua moja inakubebea shamba. Kwa hiyo tunafyeka majani marefu, tunayalaza chini kwa mistari inayokatana kama wavu, halafu tunachimba katikati ya kila mraba na kuyafunika kwa ule udongo. Mashimo yanameza maji. Majani yaliyolala chini yanashika mlima. Hiyo ndiyo ngoro.

Bila majani marefu, hakuna ngoro.

Tukaanza na panga, mimi na Leopold. Alikuwa na miaka ishirini na minne, mcheshi, akicheka anaziba mdomo kwa mkono kama msichana. Siku nne! Tulipata uwazi wa kutandika mkeka mmoja. Mkono wake wa kulia ulichanika kiganja chote.

"Dada," akasema, "hii siyo miiba. Hili ni jeshi."

"Tufanyeje?"

"Mjini kwa Mzee Fakihi kuna mashine. Nimeiona kwa macho yangu."

Nikauza cherehani. Tukateremka Mbinga mjini.

Wakati ule maduka yalishaanza kujaa kila kitu duniani. Kwa Mzee Fakihi zilining'inia mashine tatu za kufyekea, na yeye mwenyewe, mtu wa Kilwa, amekaa chini yake na kofia yake ya kufuma.

"Karibu bibie. Unafyeka nini? Bustani ya padri au pori?"

"Pori. Miiba minene kama hiki," nikamwonyesha kidole gumba.

"Basi hii ndogo usiiguse. Inakata kwa kamba ya plastiki. Ikikutana na huo mwiba, inakatika yenyewe."

Leopold akanyoosha kidole. "Na ile kubwa?"

"Ile ina nguvu ya punda wawili na uzito wa watatu. Kwenye mlima wenu utafika bondeni kabla ya kofia yako."

Akashusha ya katikati. Bomba limenyooka, mikanda ya kuvaa mabega yote mawili. Nikaanza kuuliza habari za injini, nijione mjuzi.

"Achana na injini, mwanangu. Tazama kisu."

Akafungua boksi, akatoa visu viwili.

"Hiki cha meno matatu kinakata shina chini kabisa, linalala zima zima. Hiki kingine, ona, ncha zimeinama. Unakishusha kutoka juu, kinasaga kila kitu kinakuwa pumba. Ninyi wa ngoro mnataka majani yalale. Hiki cha kusaga ni cha watu wa tambarare. Mna tambarare nyie?"

Leopold akamjibu, "Mzee wangu, kwetu hata meza imeinama."

Duka zima likacheka.

"Basi tumieni cha meno matatu. Na mkitunze! Ninacho hicho kimoja. Kikipotea, mpaka Dar es Salaam."

Nikamwambia Leopold atangulie na boksi. Mimi nikabaki kutafuta petroli na oili ya kuchanganya. Nilipofika nyumbani jioni, boksi lilikuwa jikoni kwa mama. Likalala hapo.

Asubuhi nikalifungua.

Mashine ipo. Mikanda ipo. Kisu cha kusaga kipo.

Cha meno matatu... HAKIPO!

"Leopold! Kisu kiko wapi?"

"Kipi?"

"Usinichezee! Cha meno matatu!"

"Kimo humo humo, dada. Sikufungua."

"Ulipita wapi jana?"

Akasita. Niliona kabisa akisita.

"Nilipita kwa baba mdogo kumsalimia..."

Kwa baba mdogo! Yule yule atakayelichukua shamba nikishindwa!

Mama alikuwa anakoroga uji. Hakugeuka. Mama yangu Bonifasia, mwanamke wa rozari, hakukosa misa hata siku ya mafuriko.

"Labda Mungu hataki," akasema. "Ndoa ya kanisani haivunjwi, Vene. Rudi kwa mumeo."

"Mama, mume wangu ana mke!"

"Atamchoka."

Nikateremka tena mjini. Mzee Fakihi akashika kichwa. Barabara ya Songea ilikuwa tope tupu, magari yamelala njiani. "Mwezi mmoja, bibie. Kwa bahati."

Pasaka ilikuwa imebaki wiki tano.

Leopold akanisihi. "Dada, tusitumie cha kusaga. Tuendelee na panga, hata tukipata nusu. Baba mdogo anaweza kuhurumia nusu."

"Baba mdogo yule unayemsalimia?"

"Dada..."

"Unataka nishindwe! Sema tu!"

Akachukua panga lake.

Na mimi nikavaa mashine.

Nisiwadanganye, ilikuwa raha! Jeshi lile lililochana watu lilikuwa linageuka vumbi mbele yangu. Unainua, unashusha, vuuum! Nilicheka peke yangu huko juu. Nilimtaja Kilian kwa kila shina. Siku sita, mteremko mzima ukawa mweupe. Wanawake wa kijiji walikuja kutazama na watoto migongoni.

Baba mdogo akaja siku ya saba. Akatembea juu mpaka chini, mikono nyuma.

"Umesafisha vizuri, mwanangu. Sasa laza majani."

Nikainama. Nikachota kwa mikono miwili.

Pumba.

Ikanipita katikati ya vidole, ikaanguka chini.

Akanitazama. Hakucheka, na hilo ndilo liliniuma zaidi. Akaondoka.

Leopold akaacha panga, tukaenda kuomba majani kwa watu, kila mahali. Tukabeba kichwani kutoka bonde la pili. Lakini kila mtu alikuwa anayahitaji ya kwake, msimu ulikuwa huo huo. Tulipata kulaza mistari ya juu tu, vipande vitatu. Chini yake mlima ulikuwa uchi.

Jumapili ya Matawi. Tulikuwa bado tumeshika matawi mkononi, tunatoka misani, mvua ikaanza.

Haikuwa mvua ya ajabu. Ilikuwa mvua ya kila mwaka. Jirani zetu hata hawaikumbuki.

Saa tisa mchana mteremko wa baba yangu ulishuka. Kwanza polepole, kama mtu anayevua blanketi. Halafu wote. Udongo, mashina ya kahawa, vile vipande vyetu vitatu vya ngoro. Vyote ndani ya kijito. Kilichobaki juu kilikuwa mwamba.

Ukoo ukakutana pale pale, kwenye tope. Nikasimama.

"Kisu kiliibwa! Na aliyekiiba namjua!"

Nikamgeukia baba mdogo. "Leopold alipita kwako na boksi. Ndiyo au siyo?"

"Alipita."

"Ulimwahidi nini?"

Mzee akakohoa. "Nilimwambia likirudi kwangu, nitamkatia kipande. Ni mtoto wa kiume wa marehemu. Kuna ubaya gani?"

Watu wakaguna: mmmh!

Hapo ndipo Leopold alipopiga magoti. Mengine mmeshayasoma mwanzo.

Aliondoka na mfuko mmoja. Miezi mitatu baadaye alionekana Liuli akivuta nyavu. Halafu tukasikia amevuka kwenda Msumbiji. Halafu hatukusikia kitu.

Mimi nikawa kibarua kwenye mashamba ya watu. Nikalea wanangu. Nikawa mwanamke wa utani, yule anayechekesha kwenye kila msiba. Jina la Leopold sikulitaja miaka kumi na mitatu. Wanangu nikawakataza wasimwite mjomba.

2014 mama akalala kitandani, hakuinuka tena.

Asubuhi moja akaniambia, "Vene, fungua sanduku la bati. Nitolee kitenge changu cha kuzikwa. Nataka nikione kama hakijaliwa na nondo."

Nikafungua. Kitenge kilikuwa chini kabisa, kimekunjwa vizuri. Nikakivuta.

Kilikuwa kizito!

Nikakikunjua kitandani, miguuni kwake.

Meno matatu. Bado na mafuta ya kiwandani.

Mama alikuwa ananitazama. Alijua kilichomo. Ndiyo maana alinituma.

"Mama..."

"Uliponiacha na lile boksi, ukaenda kisimani kuoga. Leopold alishaniambia maneno ya yule mzee wa duka wa Kilwa, kwamba kisu ndicho hiki."

"Mama, kwa nini?"

"Nilitaka ushindwe kuanza. Nilijua ukipata shamba hutarudi kwa mumeo. Nikasema, asipopata kisu atakata tamaa, atateremka ziwani, ndoa itapona. Sikujua utaanza na kile kingine."

"Na Leopold?! Ulikuwepo! Ulimwona amepiga magoti!"

Akafumba macho.

"Ningesema, ungenichukia. Nikanyamaza, ukamchukia yeye. Nikaona yeye kijana, atavumilia, siku moja atarudi, nitamwambia." Machozi yakamshuka kuelekea masikioni. "Nilimngoja kila Pasaka, Vene. Kila Pasaka."

Alikufa Alhamisi. Nilimvalisha kitenge kile kile.

Mtaniuliza kama nilimsamehe. Mimi mwenyewe bado najiuliza. Maana mama aliiba kisu tu. Mate yalikuwa yangu. Na mtu pekee aliyenikataza nisiutie mlima ule kwenye mashine ya kusaga ndiye niliyemfukuza.

Nilishuka Liuli kumtafuta. Nikaenda Mbamba Bay. Niliuliza kila mwalo, pale mitumbwi inaposhusha samaki, kuanzia Mbaha kwenda kusini. Kilian nilimkuta kazeeka, anauza samaki, yule mke mwingine alishamwacha. Akaniambia nirudi! Nikacheka mpaka wanunuzi wake wakakimbia.

Leopold hakuna anayemjua.

Somo? Mkienda kununua mashine, msibabaike na injini, tazameni kisu, na mjiulize kile mlichokata kitakuwa nini kikishaanguka. Na mkitafuta mwizi nyumbani, tafuteni nyumba nzima, mpaka pale mnapopakuliwa uji.

Hili ni chapisho la tisa, naliweka kila Jumapili ya Matawi. Watu huweka vicheko, huweka vimachozi, wananiambia dada una kipaji.

Sitaki kipaji. Kama uko Msumbiji, au Malawi, au popote pale ziwa hili linapofika, ukimwona mwanaume wa makamo mwenye kovu kwenye kiganja cha kulia, akicheka anaziba mdomo, mwambie kisu kimepatikana. Mwambie dada yake anacho, hakijakata hata jani moja. Akisema hanijui, muache. Ana haki.

Baba mdogo alipewa lile shamba akaishia kulitazama tu. Udongo haupo.

Ila juzi nilipita pale. Kwenye nyufa za mwamba, miiba imerudi. Yote, mpaka kijitoni.

Mdogo wangu tu bado.