Joto la Mikono ya Bryn

Katika mji wote wa Hobart, nilitangaza, hakuna mwanamume mgumu kwa mambo ya ajabu kama kaka yangu Bryn. "Huyu hata nyota za gazetini hasomi," niliwaambia wateja waliopanga foleni mbele ya kibanda changu cha pai katika soko la Jumamosi la Salamanca, mwezi wa Mei, baridi ya huku kusini mwa dunia ikianza, mvua ikinyesha kwa ubavu. "Siku mtakayomwona amefumba macho anawekewa mikono kichwani, njooni mle pai bure mpaka mchoke."

Pai zenyewe hazijapoa, kaka yangu akaniaibisha.

Chanzo kilikuwa koti. Koti la mvua la rangi ya haradali, lililofungwa vifungo vyote, na juu yake skafu ya sufu ya kijani iliyozungushwa shingoni kama bandeji. Ndani ya vyote hivyo alikuwamo msichana wa maktaba aitwaye Tamsin. Alisimama kwenye meza ya jirani yangu Glenys, mama wa makamo mwenye buti za mvua, auzaye sabuni za maua ya mrujuani na kufundisha Reiki, ile tiba ya Kijapani ya kuwekeana mikono. Tangazo lake lilikuwa limelowa: mafunzo ya wanaoanza, Jumapili hii, siku nzima.

"Sasa nitarajie nini?" Tamsin aliuliza. "Sijawahi kabisa."

"Usitarajie miujiza," Glenys akamjibu. "Unalala kitandani na nguo zako zote mwilini. Nakufundisha pa kuweka mikono, kuanzia kichwani mpaka miguuni. Nakufungulia njia, yaani nasimama nyuma yako, nakugusa utosini na viganjani, basi. Wengine husikia joto. Wengine hulia. Wengine husinzia."

"Na anayekoroma?" Bryn akadakia kutoka kibandani kwangu, mdomo umejaa pai. "Naye anapewa cheti?"

Tamsin akageuka. Macho ya kijivu, pua nyekundu kwa baridi. "Mkoromaji utakuwa wewe. Shingo hiyo inajieleza."

"Umeijuaje shingo yangu na ndiyo kwanza tunaonana?"

"Imejaa lipu iliyokauka, bwana. Inaonekana tangu kituo cha basi."

Foleni ikaangua kicheko. Bryn, fundi lipu mwenye mabega ya kubeba mifuko ya saruji, hakucheka. Alikuwa ameshapotea.

"Mama Glenys," akasema, "na mimi niandike."

Foleni nzima ikanigeukia mimi na pai zangu.

Lakini Tamsin hakuja kwa mzaha. Chini ya ile skafu kulikuwa na kivimbe, kidogo kama harage. Mama yake alikuwa na kama hicho, na Tamsin alimzika akiwa bado anavaa sare ya shule. Hospitali ilikuwa imempangia kupimwa Alhamisi inayofuata. Hakumwambia mtu. Moyoni alitaka jambo moja: atokee mtu, yeyote yule, amwambie kuwa hakuna kitu, ili asilazimike kuingia mlango ule.

Mafunzo yalifanyika katika ukumbi mdogo wa kanisa kule South Hobart, wenye hita moja inayotoa kelele nyingi kuliko joto. Watu sita, soksi nene, chai ya tangawizi, mshumaa katikati. Glenys aliwasimulia habari za mzee wa Kijapani aliyeanzisha Reiki baada ya kufunga na kuomba mlimani. Akawafundisha maneno ya kujiambia kila asubuhi: leo tu, sitakasirika, leo tu, sitakuwa na wasiwasi. Kisha akainua kidole.

"Sasa masharti yangu. Unaomba ruhusa kabla ya kumgusa mtu. Usibashiri ugonjwa. Humwambii mtu amepona. Na atakayemtoa mtu kwa daktari wake, asiseme alifundishwa na mimi. Tumeelewana?"

Wakaitikia wote, Bryn kwa sauti kubwa kuliko wote.

Wakafumba macho, viganja vimeunganishwa kifuani. Glenys akapita nyuma yao mmoja mmoja, akiwagusa utosini, akiwapulizia mikononi. Walipofumbua, mzee mmoja aliyewahi kuwa tarishi alisema ameona mwanga wa zambarau. Mama mmoja alikuwa analia bila kujua kwa nini. Tamsin alisema vidole vinamchonyota. Zamu ya Bryn ikafika. Alichosikia yeye ni magoti kumuuma na harufu ya pai kwenye jaketi lake.

"Joto," akasema. "Joto sana."

Tamsin akamtazama kwa namna ambayo fundi lipu hatazamwi mara nyingi.

Mchana wakapangwa wawili wawili. Tamsin akavua skafu, akalala chali, blanketi mpaka kifuani. Bryn akaomba ruhusa, akaanza: machoni, masikioni, kisogoni. Alipofika kooni aliikunja mikono yake mikubwa kama anayemzuia ndege asiruke, bila kugusa ngozi, kama alivyofundishwa.

"Unasikia nini hapo?" Tamsin akanong'ona.

"Tumeambiwa tusi..."

"Niambie tu. Ni baridi?"

Mikono ya Bryn haikusikia chochote. Lakini msichana amefumba macho, kope zinatetemeka, nawe unataka akupende.

"Ni joto," akasema. "Kama mkate unaotoka jikoni. Hapa pazima kabisa."

Machozi yakamtoka Tamsin yakaingia masikioni. Bryn akadhani ni mapenzi. Kweli yalikuwa ya furaha. Jumatatu asubuhi Tamsin aliipigia simu hospitali, akawaambia Alhamisi haji.

Mapenzi yao yakaenda kasi. Jioni simu haikauki.

"Umejiwekea mikono leo, fundi?"

"Nimejiwekea."

"Wapi?"

"Tumboni. Palikuwa na njaa."

"Mjinga wewe. Njoo basi, nimepika supu ya maboga."

"Na mkoromaji atalala wapi?"

"Atalala kwake. Kwani nimesema supu na kitanda?"

Walikwenda kutembea kando ya mto Derwent, ukungu umekaa juu ya maji, mlima umevaa theluji mpaka mabegani. Tamsin alizoea kulivaa jaketi la Bryn la kazini juu ya gauni lake la maua, mikono inaning'inia. Kila walipoagana alifungua skafu kidogo.

"Bado joto?"

"Joto, mpenzi."

Majuma yakapita hivyo, Mei ikaisha, Juni ikaingia na giza lake la saa kumi na moja. Kivimbe kikakua. Jioni moja, supu ikiwa mezani, akaushika mkono wa Bryn akaupeleka kooni, safari hii ngozi kwa ngozi.

"Nikwambie siri? Hapa nilikuwa naogopa kufa. Nilitakiwa kupimwa. Uliposema pazima, nikaacha. Wewe ndiye uliyeniponya, Bryn."

Kidole cha Bryn kilikuwa juu ya harage lile. Halikuwa harage tena. Lilikuwa kama kungumanga, gumu.

"Tamsin. Kesho nenda hospitali."

"Kwa nini? Si ulisema..."

"Nilisema uongo."

"Uongo gani?"

"Sikusikia kitu. Siku ile, na siku zote. Sijui hata hilo joto likoje. Nilitaka unitazame tu."

Tamsin akautoa mkono ule shingoni taratibu, kama mtu anayeondoa mdudu. "Kwa hiyo nami nilikuwa uongo? Supu, mto, 'joto mpenzi'?"

"Hapana! Hiyo ilikuwa kweli."

"Nitaijuaje? Kweli na uongo wako vina sauti moja. Toka, Bryn."

Akatoka. Alikwenda moja kwa moja kwa Glenys, mvua inamchuruzika. Glenys hakumkaribisha chai.

"Nilikupa sharti moja kubwa," alimwambia mlangoni. "Hata mzee wa mwanga wa zambarau alilielewa."

"Nifanye nini, mama?"

"Kwake? Huna la kufanya. Labda useme kweli mpaka aizoee."

Tamsin hakupokea simu zake. Kila jioni Bryn akawa anaacha ujumbe ule ule: "Usinisamehe. Nenda tu hospitali." Nami ndugu yenu niliyaweka masikio yangu ukutani nikayasikia yote, maana tuliishi nyumba moja. Kaka yangu alikonda. Alikuwa anapiga lipu ukuta ule ule mara mbili bila kujua.

Ikawa asubuhi moja ya Julai, simu ikalia. Bryn alikuwa juu ya ngazi.

"Niko nje ya hospitali," sauti ya Tamsin ilisema. "Nimezunguka hili jengo mpaka mlinzi ananishangaa. Siwezi kuingia. Njoo."

Alifika na ndoo ya lipu bado mkononi, amesahau kuiweka chini. Tamsin alikuwa ameegemea ukuta, ndani ya koti lake la haradali.

"Nikuwekee mikono?"

"Uthubutu! Nishike mkono tu kama watu wengine."

Akamshika.

"Unasikia nini?" Tamsin akauliza.

"Baridi. Mkono wako ni barafu, Tamsin. Na unatetemeka. Na mimi naogopa."

Tamsin akacheka, akalia, akamfuta lipu kidevuni. "Hiyo nimeiamini," akasema. Wakaingia.

Jumamosi iliyopita nilikuwa ninawasimulia hadithi hii wanawake wawili waliosimama kibandani kwangu, wanaotaka kujiandikisha kwa Glenys na wanaogopa. Nami sipendi mteja ale pai yangu kwa huzuni. Nikawaambia kivimbe hakikuwa kitu. Nikawaambia walioana Oktoba, bibi harusi kavaa gauni la rangi ya maziwa na buti, bwana harusi kanyoa vibaya. "Sasa wako mji wa Burnie," nikanogesha, "Bryn anapiga lipu nyumba za pale ufukweni, wamepanga kijumba chenye mlango wa buluu, na kila jioni..."

"Wifi."

Haikuwa sauti. Ilikuwa pumzi yenye maneno ndani yake. Nikageuka. Koti la haradali, bila skafu, na kovu jekundu kutoka upande mmoja wa shingo hadi mwingine.

"Harusi gani hiyo, wifi? Mbona mimi bibi harusi sikualikwa?"

Kivimbe kilikuwa kitu. Walikitoa, na sauti yake ikaenda nacho. Daktari alisema angekuja mapema pengine ingebaki, na Bryn alikuwa amesimama pale pale mlangoni akisikia. Siku Tamsin aliporuhusiwa kutoka, kaka yangu alifungasha mwiko na nguo zake akaondoka Hobart, akaniapisha nisiseme alipo. Tamsin alishanipigia simu mara tatu, akininong'oneza Bryn yuko wapi huku nikikaza masikio, na mara zote nilimwambia sijui, wifi yangu, kweli kabisa sijui, ingawa nilijua hata rangi ya mlango wake.

"Umesema Burnie," akasema sasa.

"Ni hadithi tu, Tamsin. Nilikuwa nauza pai."

"Umesema ufukweni."

"Nimebuni! Unanijua mimi na mdomo wangu."

Aliwageukia wale wanawake wawili, mkono kooni kuisaidia pumzi itoke. "Eti, dada zangu? Amesema nini?"

Mmoja wao akaweka pai yake chini, akajifuta midomo. Hata hakunitazama.

"Burnie, ufukweni," akamwambia. "Mlango wa buluu."