Nusu Inchi ya Mkono wa Kulia

Saa mbili asubuhi watu walibanana mbele ya lifti za lile jengo la ghorofa kumi na nne kana kwamba juu kulikuwa na vya bure. Katikati yao alikuwepo fundi cherehani mmoja, gauni la bluu limemkaa vizuri, pini tatu zimechomekwa begani, furushi la sare kifuani. Wateja walimwita Sindano, kwa wembamba wake na kwa ulimi wake.

Mlango ulipoanza kujifunga, mguu wa mtu ukauzuia.

"Pita, Sindano," alisema mwenye mguu. Alikuwa fundi lifti, mtu wa miaka arobaini hivi, mvi zimeanza, amevaa koti la kijivu juu ya ovaroli.

"Jina langu umelipata wapi?"

"Nani hakujui wewe?" Alitabasamu, lakini machozi yalikuwa yakimlengalenga.

"Kaka, unalia kwa ajili ya lifti?"

"Vumbi tu."

"Vumbi la macho mawili kwa mpigo. Haya."

Wakacheka. Ndani ya wiki moja namba za simu zilikuwa zimebadilishana mifuko. Kila mchana Sindano alimpigia.

"Uko wapi?"

"Juu ya lifti, kati ya ghorofa ya sita na ya saba. Nakuwaza."

"Shika kamba kwanza, mpenzi, utaniwaza ukishuka."

Mama yake Sindano, aliyekuwa akishona vifungo pembeni, aliguna kwa furaha. Mwanaume mwenye kazi na mwenye simu, alitaka nini tena?

Sasa nikwambie kuhusu Kampuni, maana bila Kampuni hadithi hii ingekuwa ya harusi tu. Ilikuja mwaka ule, ikanunua jengo zima. Hakuna aliyejua imetoka wapi, na waliodhani wanajua walikuwa wakitazama ramani, wakati ilibidi watazame juu mbinguni. Haikurusha risasi hata moja. Iliajiri. Ulikuwa ukisema ndiyo kwa kinywa chako, unaweka kidole gumba kwenye mkataba, unapanda lifti ya mwisho kushoto. Ulishuka ukiwa na adabu nyingi.

Sindano ndiye aliyepewa kazi ya kuwashonea maofisa wake sare, na aliogopa. Alikuwa amepima maofisa arobaini. Kifua arobaini, kiuno thelathini na mbili, mkono ishirini na nne, kulia na kushoto, wote, bila kupungua wala kuzidi. Na shingoni, pale futi inapopita na kila fundi huhisi mshipa ukidunda, hakuhisi kitu.

Aliandika vipimo, akaendelea kushona. Kisha ikaja zamu ya mwalimu, jirani yao, ambaye Sindano alimshonea miaka sita na kukijua kiuno chake: thelathini na nane. Mwalimu alisaini Jumatatu. Alhamisi alikuja kupimwa sare. Kiuno thelathini na mbili.

"Mwalimu, umekonda kwa siku tatu?"

"Asante kwa huduma yako, mtoa huduma mpendwa," alisema mwalimu, bila kupepesa macho.

Siku ile Sindano alikosea kuunga nguo mbili.

Jumatatu iliyofuata fundi lifti alimwachia koti lile la kijivu, kifungo kimelegea. Sindano alikunja kola, akaganda. Chini ya kola kulikuwa na msalaba mdogo wa uzi mwekundu. Alama ile aliishona kwenye nguo moja tu duniani, koti la marehemu baba yake, na koti hilo lilikuwa kabatini kwa mama. Alikwenda akalitazama. Lilikuwepo.

Kwa mazoea ya kazi alilipima koti la kijivu, akaandika daftarini. Mkono wa kushoto ishirini na nne. Wa kulia umezidi nusu inchi. Kisha akatoka kulirudisha, na pale ukumbini akamwona mpenzi wake akifungua lifti ya mwisho kushoto, kitambulisho cha Kampuni shingoni.

Akaliacha koti mlangoni pa chumba cha mafundi, akaondoka. Kama waliweza kunakili watu, wangeshindwa na mshono?

Simu ililia saa saba kamili.

"Laazizi, mbona umeniachia koti mlangoni?"

"Wewe ni nani? Nimekiona kitambulisho cha Kampuni."

"Nisikilize. Hicho ni cha muda tu, cha fundi, sijasaini. Lifti ile haipandi ghorofani tu. Inapanda na miaka. Nimetoka miaka kumi na moja mbele, kwenye nyumba yetu. Wewe ni mke wangu. Ulikuwa. Ijumaa hii wataliita jina la mama, na wewe utasaini badala yake. Watakuacha uwashonee miaka kadhaa, kisha watakupandisha. Usisaini."

"Mke wako," alisema Sindano. "Mmejifunza na mapenzi sasa. Usinipigie tena."

Akakata, akamfungia namba.

Ijumaa, saa sita mchana, jina la mama liliitwa kweli pale ukumbini. Ofisa alieleza kwa upole kwamba sahihi moja ilitosha kwa nyumba moja. Sindano alimtazama mama, alivyoshika mkoba kwa mikono miwili.

"Nitasaini mimi," alisema.

"Usithubutu," alinong'ona mama.

Fundi lifti alifika mbio, koti wazi. Hakumgusa.

"Hawawezi kulazimisha," alisema akihema. "Wangeweza, wangeshatumaliza siku ya kwanza. Wanasubiri uogope useme ndiyo. Ukisema hapana, wewe na mama mtatoka na roho zenu."

"Nitajuaje kama wewe si wao?"

Alinyoosha mikono yake tu, kama mteja anayesubiri kupimwa. Na hapo Sindano akaona alichokuwa ameandika kwa mkono wake mwenyewe na asikisome. Kampuni haikuwa na mkono uliozidi. Koti lile lilikatwa na mtu aliyemjua mwenye mwili, aliyejua kwamba miaka ya kuvuta kamba ilimrefusha upande mmoja. Alikuwa amelikata yeye, au angelikata.

"Nikisema hapana," aliuliza polepole, "wewe utapandaje ile lifti kuja kunizuia?"

"Sitapanda. Sitakuwa na sababu."

"Kwa hiyo..."

"Ndiyo, mpenzi. Sema tu."

"Laiti ningekuwa na wewe hata mwezi mmoja."

"Ulinipa miaka minne. Ilinitosha. Sema, Sindano."

"Kidole, tafadhali," alisema ofisa.

"Hapana," alisema Sindano. Akalia palepale. "Na mama yangu pia, hapana."

Alipogeuka, mbele yake palikuwa na sakafu tupu. Koti halikubaki, wala kitambulisho. Katika simu yake namba ile haikuwepo. Daftarini, kwa mwandiko wake, vipimo vilikuwepo.

Walinyang'anywa chumba chao cha kushonea pale jengoni siku hiyo hiyo. Wakafungua kingine mtaa wa tatu, na kutoka dirishani lile jengo lilionekana lote, foleni nje yake ikirefuka kila wiki.

Miezi saba ilipita. Asubuhi moja aliingia kijana wa miaka thelathini, sura ileile ya fundi lifti, ovaroli mpya, hana mvi hata moja. Mfukoni kilichungulia kitambulisho cha muda cha Kampuni.

"Dada, zipu imeharibika. Unanirekebishia upesi?"

Mama aliangusha kisanduku cha vifungo. Sindano alisimama na futi.

"Simama wima. Nyoosha mikono."

"Ni zipu tu, dada."

"Nyoosha."

Alinyoosha, akicheka. Sindano alipitisha futi mkono wa kushoto. Ishirini na nne. Wa kulia aliupima macho ameyafumba, kisha akayafumbua.

Ishirini na nne na nusu. Na shingoni, mshipa ulikuwa ukidunda.

"Umeshasaini?"

"Bado. Wananisubiri saa sita." Alimtazama kwa mshangao. "Dada, unalia kwa ajili ya zipu?"

"Vumbi tu," alisema Sindano, akafunga mlango, akachukua kitambaa cha kijivu alichokikata miezi saba iliyopita. "Kaa hapa. Koti lako bado kola."