Poda Hafutiki

Mara ya kwanza Mama Waya alidhani ni uchovu wa macho. Alikuwa ameondoa jina la Poda, mpambaji wa studio, chini ya picha za harusi kwenye tovuti, akaweka la Bosi, akahifadhi. Alipoufungua tena ukurasa, Poda alikuwa amerudi palepale, jina na picha, brashi mkononi, anatabasamu.

"Na wewe marehemu, si upumzike," alinong'ona. Ulikuwa utani, lakini hakucheka.

Hilo la Mama Waya lilikuwa jina la kubandikwa tu. Mtoto hakuwa naye, na kazi yake ya tovuti haikuhitaji waya hata mmoja, ila katika studio ile ya picha za harusi kila kitu kilipozimika aliitwa yeye. Sasa alikuwa anaijenga upya tovuti ya studio. Ndani yake kulikuwa na mikusanyo mitatu: Maharusi, Picha na Wafanyakazi. Kila mmoja ulikaa peke yake kama kabati lililofungwa, na yeye alilipwa kuiunganisha, ili mteja akimbonyeza bibi harusi azione picha zake na jina la aliyempamba, na akimbonyeza mpambaji awaone wote waliopita mikononi mwake. Na kwa kuwa alipenda usafi, aliweka sharti: kitu kikifutwa, vyote vilivyounganishwa nacho vifutike pia, visibaki yatima.

Hakuna aliyekuwa na viungo vingi kama Poda. Nusu ya mabibi harusi wa studio walitoka mikononi mwake. Hata Kitinda, mdogo wake Mama Waya, alipambwa na Poda siku ya harusi yake, bure, kwa mapenzi tu.

Poda alifia stoo. Umeme ulikatika na mvua ilikuwa inanyesha, kwa hiyo jenereta iliingizwa humo stoo, na Bosi akamfungia mle asitoroke kabla ya kumaliza kuandaa vifaa vya harusi ya kesho yake. Moshi ukammaliza. Bosi aliwaambia ndugu zake kwamba alijifungia mwenyewe apate usingizi. Wafanyakazi wote walikuwa wameiona kufuli, na kufuli ilikuwa kwa nje. Wote wakameza. Mama Waya naye alimeza, maana kodi ya nyumba haingoji ukweli.

"Linarudi," alimwambia Bosi. "Kila nikilitoa jina lake, linarudi."

Bosi alitupa jicho kwenye mlango wa stoo, akashusha sauti. "Basi mfute kabisa. Mtu ameshakufa, anataka nini tena?"

Mama Waya akabonyeza. Mfumo ukauliza: *Futa pamoja na vyote vilivyounganishwa naye?* Akajibu ndiyo bila kusoma, yeye mwenyewe aliyeliandika sharti lile. Mganga hajigangi.

Poda hakufutika. Waliofutika ni mabibi harusi. Picha moja baada ya nyingine, nyuso zao zilianza kusuguliwa kama kwa kidole gumba chenye mate, na pamoja na hilo ikaja harufu, kwanza ya poda tamu ya vipodozi, halafu chini yake moshi wa petroli, hapo hapo mchana kweupe, madirisha yakiwa wazi. Kisha stoo ikagongwa kutoka ndani. Ngo, ngo. Taratibu, kama mgeni mwenye adabu.

Bosi, ambaye mbele za watu aliwacheka waendao kwa waganga, alimpigia mganga kwa sauti ya chini. Mganga alikuja, akafika hatua chache kutoka stoo, akanusa, akarudi nyuma.

"Jini huulizwa anachotaka, akapewa, akaenda zake," alisema. "Huyu mnajua anachotaka."

"Mfukuze! Si ndiyo kazi yako?"

"Mwenye haki yake hafukuzwi, mzee. Malipo ni hapa hapa duniani."

Aliondoka kwa haraka hata kiatu kimoja kikabaki mlangoni. Siku nyingine wangecheka. Bosi naye akasema anatoka kupunga hewa, na Mama Waya akamwona kupitia dirishani akijifungia ndani ya gari lake.

Hapo ndipo Kitinda alipoingia, mtandio umemfunika mpaka machoni.

"Dada," alisema kwa sauti ya kubana, "niangalie, halafu usipige kelele."

Akaushusha mtandio. Nyusi hazikuwepo. Kope hazikuwepo. Pua yake, ile pua ya mama yao, ilikuwa imelala kama sabuni iliyotumika sana.

"Imeanza leo. Nilikuwa nanawa uso. Dada, sipati pumzi vizuri."

Mama Waya aligeukia kompyuta, akaona picha ya harusi ya Kitinda ikisuguliwa mbele ya macho yake, paji la uso limeshaisha na kidole kisichoonekana kikimalizia pua, akabonyeza sitisha, akabonyeza rudisha, akachomoa umeme wa kompyuta na kioo kikaendelea kuwaka bila umeme, na nyuma yake stoo ikigongwa sasa bila adabu yoyote, mlango mzima ukiruka kwenye bawaba, na moshi ambao haukuonekana ukimchoma macho mpaka akajikuta amepiga magoti mbele ya mlango ule, shavu lake kwenye mbao.

"Poda," alinong'ona. "Mdogo wangu hana kosa."

Kugonga kukakoma. Upande wa pili akasikia brashi ikipita juu ya mbao, taratibu, usawa wa shavu lake hasa.

"Mimi nilikuwa na kosa gani?"

"Huna. Hukuwa na kosa."

"Niligonga, Mama Waya. Niligonga mpaka kucha zikatoka. Nani alifunga?"

"Unamjua."

"Nimemtafuta kupitia kila uso nilioupamba, sikumkuta. Kwa wote umeniunganisha, isipokuwa yeye. Niunganishe naye."

Mama Waya hakufikiri mara mbili, na hakuona haya kutofikiri. Alirudi kwenye kiti, akafungua ukurasa wa Poda, na safari hii vitufe vilimtii. Alianza na Kitinda, akamtoa. Akawatoa na wengine wote, mmoja mmoja, mpaka Poda akabaki hana kiungo chochote. Kisha akaivuta picha ya Bosi, ile yenye tai, akaiweka chini ya Poda. Mfumo ukataka jina la kiungo. Akaandika: *Aliyemfungia mlango.*

Nyuma yake Kitinda alivuta pumzi ndefu. Pua ilikuwa imesimama, na nyusi zinachipua.

Mlango wa nje ukafunguliwa. Bosi, kwa kusikia kimya, alidhani mambo yameisha. Alipoliona lile jina kwenye kioo, shingo ilimvimba.

"Nani kaandika huu upuuzi? Nilisema mfute!"

"Mfute mwenyewe, Bosi," Mama Waya alisema, akampisha kiti.

Bosi akakaa, akabonyeza futa. Swali likatokea, lile lile. Mama Waya alilisoma lote kimya kimya, akauona mkono wa Bosi ukienda kwenye ndiyo, akaacha uende.

Kioo kilizimika, kikawaka. Kiti kilikuwa kinazunguka, na juu yake hapakuwa na mtu.

Ndani ya stoo jenereta ikaunguruma. Ile ile iliyouzwa siku walipotoka kuzika.

"Mama Waya!" Bosi alikuwa analia. "Fungua! Kuna mtu humu ananipaka kitu usoni!"

Kufuli ilikuwa inaning'inia kwa nje, imefungwa.

"Ufunguo uko wapi, Bosi?"

Akakohoa kwa muda mrefu. "Ninao," alisema hatimaye. "Ninao mimi, mfukoni."

"Dada, tuvunje mlango," Kitinda alisema, amemshika mkono. "Atakufa yule."

Mama Waya aliitafuta huruma moyoni akaikosa, akaona raha, raha kabisa, kama mtu aliyeketi baada ya kusimama siku nzima. Aliiacha sauti ya Bosi ipungue.

Ndipo alipotazama kioo. Katika Wafanyakazi, Bosi hakuwepo tena. Poda alikuwepo, na chini yake kiungo kipya kilikuwa kinafunguka bila mkono wa mtu, herufi zikijiandika moja moja: *Waliojua wakanyamaza.* Picha zikaanza kujipanga. Ya kwanza ilikuwa ya Mama Waya.

"Dada, maana yake nini hiyo?" Kitinda alimgeukia. "Ulijua? Dada, sema kitu."

Mama Waya alitaka kusema. Alitaka kusema yote, kufuli, mvua, kodi ya nyumba, na ayaseme kwa sauti mpaka barabarani wasikie. Lakini midomo yake haikuachana, na alipopeleka vidole akaguse, hakukuwa na midomo.