Mafiga Yaliyobaki Nyuma ya Tela

Abeid alipolalamika kwamba wali wa jana ulikosa chumvi, Moza alicheka, maana jana hakupika wali. Alipika ugali na sato, na huo ugali ulilala sufuriani mpaka asubuhi kwa sababu bwana mkubwa aliingia ndani akipapasa tumbo, akasema ameshiba. Ameshiba! Nitajieni mwanamke mmoja wa Kirumba anayelisikia neno hilo kwa mume aliyetoka kazini, kisha akalala usingizi. Moza alicheka kwa mdomo tu. Moyoni alianza kuhesabu wanawake wa mtaa.

Waliishi ndani ya tela. Msicheke. Lilikuwa tela la nyumba, la mbao na bati, lenye madirisha ya vioo na kabati zake. Mzungu mmoja mpima barabara alizungushwa nalo porini miaka nenda miaka rudi, na mwaka wa Uhuru ulipofika akafungasha akaenda kwao, tela akamwachia Abeid aliyekuwa dereva wake. Mbele lilikuwa na shingo ya kulalia mgongo wa lori. Lori likichomoka, tela lilibaki limesimama kwa miguu miwili ya chuma. Abeid aliliegesha kwenye kiwanja kilichobanwa kati ya majabali na mteremko wa ziwa, mlango ukitazama mawe. Nje ya mlango Moza akapanga mafiga yake, kwani nani awashe kuni ndani ya mbao? Hapo ndipo walipopikia, wakalia, wakagombana na kupatana.

Sasa, Moza alikuwa mshonaji, na mwaka ule kila mtu alitaka nguo mpya ya Uhuru. Wateja walipita barabarani wala hawakujua kwamba nyuma ya yale majabali kuna cherehani. Akamsumbua mumewe wee, mpaka mume akaazima kichwa cha lori kwa tajiri wake, akalivuta tela mbele hatua chache, akaligeuza, mlango ukatazama barabara. Moza alipiga vigelegele peke yake kama bibi harusi asiye na shangazi. Akaokota mawe mengine, akapanga mafiga mapya mbele ya mlango. Yale ya zamani akayaacha huko nyuma, yamesimama na jivu lake. Ayahangaikie ya nini? Kwani wamehama? Wamesogea tu.

Hapo ndipo alipokosea, na kosa lenyewe mtalijua.

Baada ya siku ile ya wali ikaja harufu. Adhuhuri, jua likiwa utosini na mtaa mzima umejikunyata vivulini, Moza alisikia harufu ya kitunguu kinachokaangwa. Ilitoka nyuma ya tela. Akazunguka na mkasi wake mkononi. Hakukuwa na mtu. Lakini jivu la mafiga ya zamani lilikuwa la moto, na ardhi kuyazunguka ilikuwa imefagiwa vizuri, mistari ya ufagio ikionekana.

Akaenda moja kwa moja kwa Akelo, jirani yake, mke wa mvuvi kutoka upande wa Mara, aliyekuwa akigeuza dagaa wake juani.

"Dada Akelo, kama unataka mafiga yangu si useme? Kupika kwa kujificha kwa nini?"

Akelo aliinua uso, amekunja ndita. "Mimi nipike kwako? Mimi sina moto wangu? Wewe ndiye una maneno. Jana magharibi nimekusalimu mara mbili, hukuitika. Umeinama tu hapo nyuma, unampakulia shemeji."

"Jana magharibi nilikuwa ndani nasali."

"Haya, basi nimeona mwingine aliyevaa kanga yako," Akelo alisema kwa hasira, akarudi kwenye dagaa.

Moza alirudi kwake. Kwa hiyo yupo mwanamke. Na anavaa nguo zake! Alimpekua Abeid mifuko, alimnusa mashati, alimchungulia akioga. Hakupata kitu, ila aliona mbavu. Abeid alikuwa akishiba kila jioni na huku suruali zinamvuka. Moza mwenyewe alikuwa ameshazipunguza kiunoni, kisha akazipunguza tena.

"Unakula wapi, bwana?" alimuuliza.

"Nakula kwako, mke wangu. Nikirudi si unanipakulia pale nje? Unanichezea?"

Alisema hivyo bila kupepesa macho, na hilo ndilo lililomuudhi Moza zaidi. Angetaka kumtaja jina amkemee vizuri, lakini hakuwahi kulitamka jina la mumewe tangu aolewe. Mama yake alimlea hivyo. Mbele yake alimwita bwana, na kwa watu alisema "mwenyewe", basi.

Magharibi ya siku iliyofuata hakutandika msala. Mungu amsamehe, wivu ulikuwa umemzidi. Alizima taa, akasimama kwenye dirisha la nyuma, akashika ncha ya pazia. Ndege wa ziwani walikuwa kimya, jambo ambalo si la kawaida yao saa hizo. Akasikia hatua za Abeid zikipita mlango mpya bila kusita na kuzunguka nyuma, na pale pa zamani, ambapo hapakuwa na kitu ila mawe, Moza aliona kivuli cha tela kimelala chini, kipana, chenye pembe zake na shingo yake, wala juu yake hakuna tela, na ndani ya kivuli kile moto unawaka, na pembeni ya moto mwanamke ameinama, amejifunga kanga nyekundu ileile ambayo Moza alikuwa ameivaa wakati huohuo, anachokoa makaa kwa vidole vitupu, polepole, kama mtu anayechambua mchele, huku Abeid amekaa mkekani anatafuna na kutabasamu na kusema maneno ya mume kwa mkewe.

Moza alitaka kupiga kelele.

Mlango ukafunguka, Abeid akaingia. Akamwona mkewe dirishani, akashtuka.

"Umenipitia wapi? Nimekuacha nje unaosha sahani."

Moza alinyoosha mikono yake, mikavu, mumewe aione. Abeid aliitazama, akatazama giza la nyuma ya kioo, akaketi sakafuni taratibu.

"Moza," alinong'ona, "nimekuwa nikila kwa nani?"

Asubuhi walikwenda Mkuyuni kwa Bi Mboni, mwanamke aliyejua kusema na majini, mkali kuliko majini wenyewe. Aliwasikiliza huku anavuta ugoro. Alipofika kwenye mafiga, akapiga chafya, akamtazama Moza kwa ghadhabu.

"Umeondoka, umeyaacha yamesimama?"

"Tulisogea tu, bibi."

"Nyumba ikiondoka, mafiga huangushwa! Hata mtoto anajua. Ukiyaacha yamesimama umeacha nyumba wazi, na ile hukuiacha tupu, umeiacha na mume anayerudi jioni. Kuna mtu wa majabali pale, tangu zamani. Amekuta jiko, amekuta kazi ya mke, ameshika. Na hapiki kwa chumvi, ndiyo maana huyu anamalizika. Akiisha mwili, atahamia kwake moja kwa moja."

Moza akaanza kulia. Abeid alitazama vidole vyake vya miguu.

"Nyamaza, usikie. Lirudisheni tela palepale, mlango utazame mawe. Ingia, toka, uyaangushe mafiga kwa mguu wako, uyabebe, uzime jivu kwa maji ya chumvi. Ndipo mhame kama watu. Na fanyeni kabla jua halijazama. Yule anakuiga wewe. Ulichokisema pale anakijua. Usichowahi kukisema, hana. Kwa hiyo ukiondoka usiache kitu pale. Uzi, unywele, mate. Utakachokiacha ni chake."

Alasiri Abeid akaazima tena kichwa cha lori. Walifunga shingo ya tela, wakainua ile miguu ya chuma, Moza akazunguka nyuma kumwongoza, kwa sababu dereva wa tela anayerudi nyuma haoni kitu, anakwenda kwa sauti ya aliye nyuma yake.

"Rudi, bwana! Rudi! Kata kidogo! Rudi!"

Tela likaja taratibu, magurudumu yakiponda kokoto. Lilipokaribia mahali pake Moza akainua mikono.

"Simama, bwana!"

"Rudi, bwana! Bado! Rudi!"

Ilikuwa sauti yake. Ilitoka upande wa pili wa tela, upande wa mteremko, tamu, yenye haraka ileile na mkwaruzo uleule wa mafua aliyokuwa nayo wiki ile. Tela halikusimama. Moza akarudi nyuma mgongo ukagonga jabali, akapiga kelele simama bwana, simama mume wangu, na kila alilosema ile sauti ililipokea, bwana rudi, mume wangu rudi, usisimame, nafasi ipo, na Abeid mle ndani ya lori alisikia mke mmoja akimwambia mambo mawili akamfuata yule aliyezoea kumlisha, na ukuta wa bati ukamjia Moza usoni mpaka akaona misumari yake na kutu yake, na gurudumu la upande wa ziwa likaanza kuuma ukingo wa mteremko, mawe yakiporomoka majini. Mumewe alikuwa anakwenda zake. Hapo akakumbuka alichoambiwa, akalitafuta neno ambalo hakuwahi kulisema pale wala popote.

"Abeid! Abeid! Abeid, simama!"

Breki zikalia. Tela likasimama limemgusa kanga kifuani. Upande wa pili kukawa kimya kabisa.

Abeid alishuka. "Umeniita jina," alisema, wala hakujua kama acheke au alie. Moza alilia kwa niaba ya wote wawili, kisha akafanya aliyotumwa. Abeid alilisogeza tela likae sawa. Moza akaingia, akatoka, akayapiga mafiga teke yakalala, akayabeba. Maji ya chumvi yalipogusa jivu lilifuka moshi unaonuka kitunguu, ukaisha. Tela likavutwa tena mbele mpaka barabarani. Kabla ya kuondoka Moza alipiga magoti akapekua ardhi yote kwa viganja, akaokota uzi, akaokota kifungo, akaokota hata unywele wake mmoja, akavifunga kwenye pindo la kanga. Alihakikisha hakuacha kitu.

Jioni Abeid alikula ugali wa mkewe, ndani, mlango umekomewa. Alikula mpaka akalamba vidole.

"Chumvi imekolea," alisema.

Moza alifurahi mpaka machozi yakamtoka. Akamwachia maji ya kunawa, akaenda kwenye cherehani kuipanua ile suruali, akabana pini midomoni kama kawaida yake. Nje adhana ya magharibi ilikuwa imekwisha. Abeid alikuwa amempa mgongo, ananawa.

"Abeid," sauti ya Moza iliita kutoka nyuma ya tela, taratibu, ikilionja jina. "Abeid, njoo."

"Naam, mke wangu," Abeid aliitika, akainuka, akanyoosha mkono kwenye komeo.

Moza alikuwa bado kwenye cherehani, na pini zote zilikuwa midomoni.