Kifupisho Kwenye Cheti cha Marehemu

Maiti ilikuwa bado juu ya meza ya upasuaji, tumbo halijaguswa na kisu. Mzee alikuja kutibiwa ngiri; dawa ya usingizi ikausimamisha moyo wake. Daktari kijana wa usingizi aliketi sakafuni na pingu mikononi, maana watoto wa marehemu walimtaka yeye tu.

Inspekta hakumwamini. Lakini hakumwamini mtu yeyote. Kazi ilishamzeesha hivyo.

Kijana alijitetea kwamba alifuata cheti. Mzee aliwahi kutibiwa ng'ambo, na mwenyewe alijua tu kwamba anameza vidonge. Daktari wa huko aliandika ugonjwa kwa herufi mbili, kifupisho kinachotumika kwa maradhi mawili: ya mishipa ya fahamu, na ya kusinyaa kwa vali ya moyo. Tafsiri iliyoletwa hospitali ilisema mishipa ya fahamu. Angejua ni vali, asingetoa dawa ile.

Kwenye ofisi ya tafsiri, mfasiri, mama mtu mzima, aliomba radhi kwa upole. Alikisia, akakosea, binadamu si malaika. Inspekta alikuwa karibu kuridhika, ila mfanyakazi mwenzake mama huyo, akimsindikiza mlangoni, alishangaa.

"Huyu akisie? Hapa tunamwita Bi Maswali. Kifupisho kikimtatiza, lazima ampigie simu daktari aliyekiandika."

Inspekta naye akampigia daktari wa ng'ambo. Kisha akarudi kwa mfasiri, akafunga mlango.

"Uliongea na daktari?"

"Sikumbuki."

"Yeye anakumbuka. Alikwambia ni moyo."

Mama akalifunga jalada lililokuwa mezani.

"Marehemu ni nani kwako?"

"Shemeji. Alimwoa dada yangu."

"Dada yuko wapi?"

"Kaburini." Mama alivua miwani. "Alikuwa akiishiwa pumzi, mumewe anasema ni uvivu. Aliomba hospitali mpaka akakata roho akimfulia nguo. Cheti kilipofika mezani kwangu, nikajua moyo wake yeye aliupeleka ng'ambo kutibiwa. Nikaandika nilichotaka."

"Na daktari wa usingizi? Angefungwa kwa ajili yako."

"Sikumfikiria." Akasita. "Ana mama?"

"Anaye. Yuko nje ya kituo cha polisi tangu asubuhi, hajala."

Hapo ndipo mfasiri alipolia. Alilia huku akinyoosha mikono afungwe pingu, akimsihi inspekta amwahi kwanza yule mama wa kijana.