Nani Atanikandikia Nyumba

Naisenya wa Endulen ni rafiki yangu, na si mtu wa kutunga uongo. Malori ya serikali yalipowahamisha watu wa kwao kutoka ndani ya kreta, mama yake alilala chini ya turubai, hana nyumba ya kukandika kwa samadi, mpaka akafa, akiuliza kila jioni, "Nani atanikandikia nyumba yangu?"

Mwaka uliofuata Naisenya alishuka kretani na punda kuchota magadi, akapitia boma lao la zamani. Majani yalikuwa yamefunika kila kitu, ila nyumba ya mama yake ilikuwa bado imesimama. Akainama, akaingia gizani. Akasikia kiganja kikisugua ukuta, polepole.

"Yeyo? Mama, ni wewe?"

Sauti ikakoma. Akapapasa ukuta, akatoka mbio.

Nje akautazama mkono wake. Ulijaa samadi mbichi, bado ina joto. Ng'ombe hawajalala pale tangu siku ya malori.