Ruta ya Mkwe

"Ubwiriunga umeingia shambani. Narudia, ubwiriunga umeingia shambani."

Redio ya Motorola ilikoroma kifuani pa Mwanne. Pikipiki yake, Boxer, ilikuwa inapasua vumbi, Nachingwea ikibaki nyuma, Nkowe ikija mbele.

Alijua maana ya ugonjwa ule wa mikorosho ukitajwa redioni.

Msaliti.

"Agapiti yuko wapi?" aliuliza.

Akabonyeza redio tena.

"Mkuu, mwenzangu yuko wapi?"

"Majangili walimvizia Chunyu, palepale alipojificha kuwachunguza. Pole, Mwanne. Hatunaye."

Mwanne hakupunguza mwendo. Machozi yalimtoka, upepo ukayakausha humohumo ndani ya helmeti.

"Maficho yake yaliandikwa kwenye tovuti ya Idara yetu ya kuzuia ujangili tu," Mkuu aliendelea. "Kuna mtu ameingia kwa nywila yako. Juzi uliifungua wapi?"

"Nkowe. Kwa mama."

"Basi anzia hapo. Pembe za ndovu zinavuka Ruvuma leo. Lori likitupita, kijana wa watu amekufa bure."

Bi Hadija, mama yake, alikuwa anasonga ugali. Sebuleni, juu ya friji, ruta ya intaneti ilikuwa imefunikwa kitambaa cha kufuma, chenye maua mekundu.

"Mama, hii nani kaifunga?"

"Si mkwe wetu Mbaruku, mume wa ndugu yako Zena! Zawadi hiyo."

"Hukumuuliza kaifungaje?"

"Mh! Mkwe nimhoji mimi? Akikaa sebuleni hata kupita sipiti. Alisema mama usiiguse, nikaifunika isipate vumbi."

Mwanne akaifunua.

Jamani, hapa sikilizeni vizuri. Simu haijui tovuti iko wapi, inajua jina lake tu, kama mgeni aliyeshuka stendi. Lazima iulize njia. Ruta ndiyo inayoziambia simu na kompyuta zote za nyumbani: kaulizeni kwa namba fulani. Mtu akiibadili namba ile, nyumba nzima inauliza njia kwa mwizi, na mwizi anawapeleka kwenye tovuti yake ya bandia.

Mwanne alifungua kompyuta, akaingia kwenye mipangilio ya ruta. Jina, admin. Nywila, admin. Ikafunguka! Mbaruku hakuona haja hata ya kubadili nywila ya kiwandani. Nani angempekua mkwe?

Namba ile ilikuwepo. Ngeni.

Akakumbuka juzi. Simu ilimwonya kwa maandishi mekundu kwamba tovuti haiaminiki. Mkono mmoja ulikuwa na kuku wa mama. Kwa mkono wa pili akabonyeza "endelea", akaandika nywila.

Kidole kimoja tu, jamani.

Akaifuta namba ya mwizi, akaweka ya mtambo wa Idara.

"Mkuu, nimegeuza kibao cha njia. Akiuliza, anakuja kwenu."

"Tunamsubiri."

Mchana Mbaruku akaja kula, kanzu nyeupe, manukato mpaka uani.

"Shemeji! Leo umekuja kunikamata nini?"

"Nimekuja kula. Kaa, shemeji, ugali usipoe."

Akacheka. Akakaa mkekani, akatoa simu kufungua barua pepe yake. Ikajiunga na ruta yenyewe, kama ilivyozoea. Maandishi mekundu yakatokea. Mbaruku akasonya.

Akabonyeza "endelea", akaandika nywila yake.

Mwanne aliendelea kumega tonge.

Redio ikakoroma. "Nywila tunayo, tumesoma barua zake zote. Lori liko nyuma ya ghala bovu la korosho, hapohapo Nkowe. Vijana wanaingia."

Mbaruku aliinua macho. Glock, bastola ya Mwanne, ilikuwa inamtazama.

"Tulia, shemeji."

Mwanne akamnyang'anya simu, akasubiri mpaka redio ikakoroma tena.

"Lori tunalo. Pembe zote zimo."

"Waliniambia watamtisha tu," Mbaruku alinong'ona. "Wallahi, sikujua watamuua."

"Idi iliyopita Agapiti alikula kwenye mkeka huu. Ulimnawisha mikono wewe mwenyewe."

Pazia la jikoni likafunguka. Kwa mara ya kwanza tangu harusi, Bi Hadija alimtazama mkwewe usoni.

"Kumbe ningeuliza," alisema. "Neno moja tu. Sasa Zena nitamwambia nini?"

Mwanne akamfunga shemeji yake pingu.

Land Cruiser ya Idara ikafika, ikamchukua Mbaruku na pingu zake. Mwanne alibadili nywila ya ruta, akavaa helmeti. Mama alikuwa amekwisha kuinua kile kitambaa.

"Usiifunike tena, mama."

Akapiga kiki, akashika njia ya Chunyu, kuufuata mwili wa Agapiti.